Kujikalibrisha data za darubini ya redio: mwongozo kamili kwa anayekwama mzunguko wa kwanza

Ujumbe ninaopokea mara nyingi kutoka kwa wanafunzi wa fizikia hapa Lubumbashi ni huu: "Yaya, nimefuata kila kitu, lakini picha imezidi kuharibika." Nikiomba nitumiwe amri walizoandika, nakuta makosa yaleyale. Modeli (picha ya anga unayoipa programu ilinganishe nayo) haikuhifadhiwa, muda wa suluhisho ni mfupi mno, majedwali mawili ya marekebisho yamerundikwa moja juu ya jingine, au mtu amekimbilia amplitudi (ukubwa wa wimbi) kabla fezi (wimbi limefika wapi katika mzunguko wake) hazijatulia.

Kujikalibrisha ni kutumia chanzo chenyewe unachokitazama kurekebisha makosa ya antena. Mwongozo huu unaanza pale ambapo data zako zimekwisha kukalibrishwa kwa kalibreta za kawaida (vyanzo vinavyojulikana, vya kupimia) na unayo picha ya kwanza, ila ina pete na miali inayozunguka chanzo angavu. Ninatumia CASA 6, programu ya kuchakata data za darubini za redio. Mfano wangu ni data za VLA, darubini ya New Mexico, Marekani: antena 27, bendi ya S (GHz 2 hadi 4), mpangilio wa C (namna antena zilivyotawanywa ardhini), madirisha 16 ya masafa (vipande 16 vya bendi). Mwenye data za MeerKAT, darubini ya Karoo, Afrika Kusini, atapita njia hiyohiyo kwa namba tofauti.

## Kinachorekebishwa

Darubini huenda kutazama kalibreta ya fezi kila baada ya dakika kadhaa, kisha hurudi kwenye chanzo. Katikati hapo angahewa haisimami kumngoja mtu. Kwenye masafa ya juu mvuke wa maji huchelewesha mawimbi. Kwenye masafa ya chini kazi hiyo hufanywa na ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme. Kila antena hucheleweshwa kwa kiasi chake. Tena kalibreta iko mahali pengine angani, kwa hiyo hewa iliyopimwa kule si hewa iliyo mbele ya chanzo chako.

Hasara yake inahesabika. Fezi zikitikisika kwa digrii 30, karibu asilimia 13 ya nguvu ya chanzo hupotea kwenye kilele (nukta yake angavu kuliko zote), na sehemu yake husambaa kwenye picha kama miali ya bandia.

Tunaweza kujirekebisha bila kalibreta kwa sababu vipimo ni vingi. Antena 27 hutoa jozi 351 kwa wakati mmoja, na fezi tusizozijua ni 26 tu, maana antena moja tunaifanya rejea. MeerKAT, kwa antena zake 64, ina jozi 2,016 dhidi ya fezi 63. Ziada hiyo inatosha kurekebisha antena na bado ikabaki habari ya chanzo chenyewe.

Ila programu haiwezi kutatua fezi bila kulinganisha vipimo na modeli ya anga, na modeli hiyo unaitoa wewe. Ukiweka uongo ndani yake, antena zitapindwa mpaka zikubaliane na uongo huo, na picha itakayotoka itakuwa safi kwa macho. Karibu kila onyo lililo hapa chini linatokana na jambo hili.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye Linux. Kumbukumbu ya GB 8 inatosha kwa mfano huu, ila GB 16 itakupunguzia kusubiri. Kwa mwenye Windows, njia nyepesi ni kuweka Linux pembeni yake.
- CASA 6. Pakua toleo zima lililofungwa pamoja, usilete vipande kimoja kimoja. Mega zitaliwa mara moja na utakuwa umemaliza.
- Faili ya data (yenye mwisho wa .ms) iliyokwisha kukalibrishwa. Ghala la NRAO, taasisi inayoendesha VLA, lina data za VLA zilizo wazi kwa yeyote, na mafunzo ya CASA yana seti ndogo za kujifunzia.
- Nafasi ya diski isiyopungua mara nne ya ukubwa wa faili, kwa sababu CASA itaongeza safu mbili nzima: ya modeli na ya data zilizorekebishwa.
- Daftari, au faili ya maandishi, ya kuandika kilele na kelele ya kila mzunguko.
- Skripti. Usiandike amri moja moja kwenye skrini na kuziacha zipotee. Mjini kwetu delestaji haibishi hodi. Umeme ukirudi, mwenye skripti anaendelea, asiye nayo anaanza kukumbuka aliandika nini.

## Hatua ya 1: Piga hesabu kama inafaa kujaribu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo ingewaokoa siku nzima. Pima kilele cha chanzo na kelele ya sehemu tupu ya picha ya kwanza. Kisha tafuta kelele itakayopata kila antena ndani ya muda mmoja wa suluhisho:

kelele ya suluhisho = kelele ya picha × √(N − 3) × √(muda wote ÷ muda wa suluhisho)

N ni idadi ya antena. Gawa kilele kwa jibu hilo. Ukipata zaidi ya 3, muda huo unafaa. Ukipata chini ya 3, utakuwa unatatua kelele.

Tuseme kilele ni mJy 50 (mili-Jansky, kipimo cha nguvu ya mwanga wa redio), kelele ni mJy 0.5, na chanzo kimetazamwa kwa dakika 60. √24 ni karibu 4.9. Kwa suluhisho la dakika 5, √12 ni karibu 3.5, hivyo kelele ya suluhisho ni mJy 8.5, na uwiano ni 5.9. Unaendelea. Kwa suluhisho la dakika 1, kelele inapanda hadi mJy 19 na uwiano unashuka hadi 2.6. Hapo unasimama.

Hesabu hii inachukulia kwamba madirisha yote 16 na polarizesheni zote mbili (pande mbili za mtikisiko wa wimbi) zimeunganishwa. Ukitatua kila dirisha peke yake, 5.9 inagawanywa kwa 4, unabaki na 1.5, na kazi imeharibika kabla haijaanza. Ukitenganisha polarizesheni, unagawa kwa √2.

Angalia pia upande wa pili: kama kelele ya picha yako tayari iko karibu na ile ambayo darubini ingetoa kinadharia, hakuna kitu cha kuokoa. Andika ripoti yako ukalale.

Kwa mwenye haraka, picha ya darubini ya antena 25 hivi ikiwa na kilele kinachozidi kelele mara 20, inafaa kujaribu fezi.

Umefaulu ukiona: umeandika kwenye daftari muda mrefu utakaoanza nao na muda mfupi ambao hutauvuka.

## Hatua ya 2: Tenga chanzo, punguza ukubwa

```
split(vis='asili.ms', outputvis='chanzo.ms', field='CHANZO',
      datacolumn='corrected', width=4, timebin='10s')
```

Badala ya CHANZO weka jina utakaloliona kwa `listobs`. Amri hii huchukua data zilizorekebishwa na kuziweka kwenye faili mpya kama data za mwanzo. Faili ya asili inabaki salama. Ifunge, iweke kwenye diski ya nje, usiiguse tena.

Kuunganisha chaneli (vipande vyembamba vya masafa) nne nne na kukusanya sekunde 10 hupunguza faili mara 8 ikiwa data zilirekodiwa kila sekunde 5. Usipitilize. Chaneli zikiwa pana mno, vyanzo vilivyo mbali na katikati ya picha huvutwa na kurefuka, na hakuna kalibresheni itakayovirudisha. Katika mpangilio wa C na bendi ya S, width=4 ni salama. Katika mpangilio wa A, ambako bimu (doa dogo kabisa ambalo darubini inaweza kulitofautisha) ni ndogo zaidi ya mara kumi, nisingethubutu.

Kisha hifadhi bendera, yaani alama za data zisizotakiwa kutumika:

```
flagmanager(vis='chanzo.ms', mode='save', versionname='mwanzo')
```

Baadaye `applycal` itatia bendera data zote zisizo na suluhisho. Bendera hizo hazifutiki kwa kufuta safu ya data zilizorekebishwa. Mtu asiyehifadhi hapa hupoteza data kidogo kidogo kila mzunguko, kisha anashangaa kelele inapanda.

Umefaulu ukiona: `listobs` inaonyesha chanzo kimoja, madirisha yaliyohesabiwa 0 hadi 15, na antena zako zote.

## Hatua ya 3: Tengeneza modeli ya kwanza, na uwe bahili

```
tclean(vis='chanzo.ms', imagename='picha0', datacolumn='data',
       imsize=1280, cell='1.4arcsec', specmode='mfs',
       deconvolver='mtmfs', nterms=2,
       weighting='briggs', robust=0.5,
       niter=2000, threshold='3mJy', interactive=True,
       savemodel='modelcolumn')
```

Bimu ya C kwenye GHz 3 ni karibu sekunde-tao 7 (sekunde-tao 3,600 ni digrii moja), kwa hiyo pikseli ya 1.4 inaigawa mara tano. Pikseli 1280 zinafunika nusu digrii, mara mbili ya uwanja wa kuona wa antena moja. Uwanja huo wa ziada una kazi yake: kama kuna chanzo angavu pembeni, lazima nacho kiwe ndani ya modeli. Usipokiweka, suluhisho litajaribu kukieleza kwa kupinda fezi za antena.

`nterms=2` inaruhusu mwanga wa chanzo kubadilika kutoka GHz 2 hadi 4. Ukiacha 1 kwenye bendi pana hivi, tofauti ya masafa itaonekana kama kosa la kalibresheni.

Sasa maski, yaani mipaka ya sehemu ambazo programu inaruhusiwa kuzihesabu kuwa chanzo. Chora kuzunguka kile ambacho ungeapa mbele ya watu kwamba ni chanzo, usiongeze kingine. Ile "mkono" inayotoka kaskazini ambayo inafanana na mchirizi wa gesi, iache nje kwanza. Ikiwa ni ya kweli, itaendelea kuonekana na itang'aa zaidi baada ya mzunguko wa kwanza, hapo utaiingiza. Ikiwa ni ya bandia na umeiingiza, umeiandikia cheti cha kuzaliwa.

Simama mapema. Kizingiti cha mJy 3 ni mara sita ya kelele yetu. Mzunguko wa kwanza hauhitaji zaidi.

### Hakikisha modeli imehifadhiwa kweli

Hili ndilo kosa namba moja. Chaguo la kawaida la `savemodel` ni kutohifadhi chochote, na kwenye kazi ya kuchora maski kwa mkono mtu anaweza kufunga dirisha bila modeli kuandikwa. CASA hainung'uniki. Inachofanya, ikikosa modeli, ni kuchukulia kwamba anga lina nukta moja ya Jansky 1 katikati ya picha.

Fikiria matokeo. `gaincal` itapinda fezi za antena zote ili chanzo chako kifanane na nukta. Picha inayotoka ina nukta nzuri katikati, kelele imeshuka, na mwanafunzi anafurahi. Chanzo chenye ndimi mbili kimegeuzwa nyota.

Pima hivi:

```
plotms(vis='chanzo.ms', xaxis='uvdist', yaxis='amp',
       ydatacolumn='model', avgtime='1e8', avgscan=False)
```

Ukiona mstari mmoja mlalo kwenye 1, modeli haipo. Iandike bila kusafisha upya:

```
tclean(... vigezo vilevile, imagename='picha0',
       niter=0, calcres=False, calcpsf=False, interactive=False,
       savemodel='modelcolumn')
```

Umefaulu ukiona: amplitudi za modeli zinabadilika kadiri umbali kati ya antena unavyoongezeka, na kwa jumla zinafuata umbo la data.

## Hatua ya 4: Chagua antena rejea

Chagua antena iliyo karibu na katikati ya mpangilio, iliyofanya kazi muda wote, na yenye data chache zilizotiwa bendera. `plotants` itakuonyesha zilipo. Andika jina lake (katika amri zangu ni `ea10`) na utumie hiyohiyo mizunguko yote. Ukibadilisha katikati, hutaweza kulinganisha majedwali.

## Hatua ya 5: Mzunguko wa kwanza wa fezi, muda mrefu

```
gaincal(vis='chanzo.ms', caltable='fezi1.cal', solint='inf',
        combine='spw', refant='ea10', calmode='p',
        gaintype='T', minsnr=3, minblperant=6)
```

`solint='inf'` hutoa suluhisho moja kwa kila skani (kipindi kimoja cha kutazama chanzo bila kuhama). Ni refu, ndiyo. Tunataka kwanza kusahihisha mteremko mkubwa kwa modeli ambayo bado ni changa. `combine='spw'` inaunganisha madirisha, na `gaintype='T'` inaunganisha polarizesheni.

`calmode='p'` ni fezi peke yake. Fezi ina uhuru mdogo wa kuharibu: kosa la digrii 10 la fezi lina madhara sawa na kosa la asilimia 20 la amplitudi, na antena nyingi hazikosei amplitudi kwa kiasi hicho. Kwa hiyo fezi ndiyo adui wa kwanza, na pia ndiyo yenye hatari ndogo kuitibu.

Onyo kwa wenye bendi pana: ucheleweshaji wa hewa hugeuka fezi kubwa zaidi kadiri masafa yanavyopanda, hivyo GHz 4 ina mara mbili ya fezi ya GHz 2. Marekebisho yakiwa ya digrii 10 au 20, kuunganisha madirisha hakudhuru. Yakifika digrii 80, gawa madirisha katika makundi mawili au manne, kama hesabu ya hatua ya 1 inaruhusu.

Kabla ya kutumia jedwali, litazame:

```
plotms(vis='fezi1.cal', xaxis='time', yaxis='phase',
       iteraxis='antenna',
       gridrows=3, gridcols=3, plotrange=[0,0,-180,180])
```

(Andika `antenna` kwa Kiingereza; kuna anayeitafsiri amri kila mara, na CASA haijui Kiswahili.)

Unachotafuta ni mwendo. Fezi ya antena ipande au ishuke taratibu, nukta moja ikijua ilikotoka nukta iliyotangulia. Antena za mbali na katikati zitembee zaidi kuliko za karibu. Hiyo ni ishara nzuri sana, maana hewa iliyo juu yao inatofautiana zaidi na ile iliyo juu ya antena rejea. Nukta zikitawanyika toka −180 hadi 180 kama mahindi yaliyomwagika sokoni, simama. Hiyo ni kelele, na ukiitumia utaiingiza kwenye picha.

Soma pia dirisha la ujumbe. Litasema suluhisho ngapi zimetupwa kwa sababu ya kelele. Chache haziniogopeshi. Zikifika moja kati ya kumi, rudi na urefushe muda, au unganisha skani kwa `combine='spw,scan'`.

## Hatua ya 6: Tumia jedwali

```
applycal(vis='chanzo.ms', gaintable=['fezi1.cal'],
         spwmap=[0]*16, interp='linear',
         applymode='calflag', calwt=False)
```

Angalia `spwmap`. Tulipounganisha madirisha, suluhisho liliandikwa kwenye dirisha la 0 peke yake. Usipoiambia CASA kwamba madirisha yote 16 yachukue suluhisho la dirisha la 0, madirisha 15 yatakosa suluhisho na `calflag` itayatia bendera. Ghafla umebaki na sehemu ya kumi na sita ya data. Ukiona hivyo, usilie:

```
flagmanager(vis='chanzo.ms', mode='restore', versionname='mwanzo')
```

Umeme ukikatika wakati `applycal` inaandika, safu ya data zilizorekebishwa inaweza kubaki nusu mpya, nusu ya zamani, na picha itakayotoka haitakuwa na maelezo. Rejesha bendera, endesha amri upya. Jedwali la fezi halidhuriki.

## Hatua ya 7: Picha mpya, namba mpya

Rudia `tclean` kwa `imagename='picha1'` na `datacolumn='corrected'`. Jina lazima liwe jipya. Ukitumia lile la zamani, programu inaendelea na modeli iliyotangulia, pamoja na makosa yake.

Pima sehemu ileile ya picha kila mara:

```
imstat(imagename='picha1.image.tt0', box='50,50,350,350')
```

Sanduku hilo liwe tupu kwenye picha yako. Likiwa na chanzo, lihamishe, kisha usilihamishe tena. Andika vitu vitatu: kilele cha picha nzima, kelele ndani ya sanduku, na thamani ya chini kabisa ya picha nzima. Hiyo ya tatu wengi wanaisahau. Mashimo hasi makubwa kando ya chanzo ni alama ya kalibresheni mbovu, na yakipungua kina, unajua umeelekea pazuri hata kama kelele imeshuka kidogo tu.

Umefaulu ukiona: kilele kimepanda, kelele imeshuka, shimo hasi limepungua. Miali iliyokuwa chanya upande mmoja wa chanzo na hasi upande wa pili ndiyo inayotoka kwanza. Umbo hilo la kupingana ni saini ya kosa la fezi.

Kama kilele kimeshuka: usiende mbele. Karibu kila mara ni modeli au `spwmap`.

## Hatua ya 8: Fupisha muda, lakini usirundike majedwali

Mzunguko wa pili, na wa tatu ukihitajika, una mpangilio uleule: modeli bora kutoka picha1, kizingiti cha chini kidogo, maski iliyoongezwa kile kilichothibitika, kisha `solint='5min'`. Hesabu yetu ya hatua ya 1 ilifanywa kwa kelele ya picha0. Kelele ikiwa imeshuka hadi mJy 0.3, rudia hesabu: dakika 1 sasa inatoa uwiano wa karibu 4.4 hata kabla ya kuhesabu kilele kilichopanda, na mlango uliokuwa umefungwa umefunguka.

Rejesha bendera za "mwanzo" kabla ya kila `applycal`.

Hapa ndipo kosa la kurundika linapotokea. `gaincal` husoma safu ya data za mwanzo, si zilizorekebishwa. Kwa hiyo `fezi2.cal` ina marekebisho yote tangu mwanzo, hata yale yaliyokuwa kwenye `fezi1.cal`. Ukiandika `gaintable=['fezi1.cal','fezi2.cal']`, umerekebisha mara mbili. Weka jedwali jipya pekee.

Isipokuwa kama ulifanya `split` nyingine katikati. Hapo data za mwanzo za faili mpya tayari zina fezi1, na jedwali jipya linaongezea. Njia zote mbili ni halali, kuchanganya ndiko kunakoumiza. Mimi sifanyi `split` katikati. Diski yangu ni ndogo na akili yangu inachoka kukumbuka faili ipi ina nini.

Simama lini? Kelele ikiacha kushuka, au nukta za jedwali zikianza kutawanyika. Kwa kawaida ni mizunguko miwili hadi minne. Anayenambia amefanya kumi, namuuliza anatafuta nini.

## Hatua ya 9: Amplitudi, kwa wachache

Usiingie hapa kama picha haina miali iliyobaki inayofanana pande zote mbili za chanzo. Umbo hilo la usawa ndilo la kosa la amplitudi. Kama umebaki na kelele laini, kazi imekwisha.

```
gaincal(vis='chanzo.ms', caltable='amp1.cal', solint='inf',
        combine='spw', refant='ea10', calmode='ap',
        gaintype='T', solnorm=True, minsnr=5,
        gaintable=['fezi3.cal'], spwmap=[[0]*16])
```

Tumeipa fezi bora kwanza (`fezi3.cal` ni jedwali lako la mwisho la fezi), ili amplitudi isitatuliwe juu ya fezi zinazotikisika. Tumerudi kwenye muda mrefu, kwa sababu vifaa vya antena hubadilika polepole kuliko hewa. `solnorm=True` inaweka wastani wa marekebisho kwenye 1, ili mwangaza wa chanzo usiteleze.

Modeli ya hatua hii lazima iwe kamili zaidi ya zote. Kwenye fezi ulikuwa bahili. Hapa mwanga ulioacha nje ya modeli utahesabiwa kama kosa la antena na kufutwa. Safisha kwa kina, jumuisha hata ule ukungu mpana.

Tazama jedwali. Nukta ziwe kati ya 0.8 na 1.2 hivi. Antena moja ikikaa kwenye 1.6 saa nzima, haihitaji kukalibrishwa, inahitaji kutiwa bendera.

Kisha tumia yote mawili, kwa sababu safari hii jedwali la pili lilitatuliwa likiwa juu ya la kwanza:

```
applycal(vis='chanzo.ms', gaintable=['fezi3.cal','amp1.cal'],
         spwmap=[[0]*16,[0]*16], applymode='calflag', calwt=False)
```

Umefaulu ukiona: kelele imeshuka tena na jumla ya mwanga wa chanzo imebaki palepale kwa tofauti ya asilimia chache. Ikishuka kwa asilimia 10, tupa `amp1.cal` ubaki na fezi. Picha ya fezi peke yake inaheshimika kabisa.

## Usichukue mahali pa chanzo kutoka picha ya mwisho

Mbinu hii inajua umbo, haijui anwani. Ukianza na picha iliyopata fezi zake kutoka kwa kalibreta, chanzo hakihami sana, lakini hakuna kinachokifunga pale. Mahali pa chanzo pima kwenye picha0, uripoti hivyo.

## Ikiwa bado kuna kitu kimoja kinachokataa

Wakati mwingine katikati ya picha panakuwa safi, lakini chanzo kimoja cha pembeni kinabaki na pete zake. Wanafunzi huendelea kufupisha muda wakidhani dawa haijatosha. Tatizo ni jingine: suluhisho moja kwa kila antena linachukulia kwamba hewa ni ileile kwa uwanja mzima wa kuona, na pembeni mwa picha si kweli, hasa chini ya GHz 1 ambako ionosfia hubadilika ndani ya uwanja huohuo. Mara nyingine ni antena yenyewe: haikuelekezwa sawasawa, au mwonekano wake pembeni unazunguka kadiri inavyofuata chanzo.

Jaribu kwanza kuongeza chanzo hicho kwenye maski na kuhakikisha kiko ndani ya picha, maana mara nyingi hakikuwemo. Kisha kagua data kwa saa: kama pete zinatokana na nusu saa moja mbaya, kama mvua za Julai na Agosti kule New Mexico zinavyofanya, tia bendera nusu saa hiyo. Vikishindikana vyote viwili, unahitaji kalibresheni inayotofautiana kwa kila upande wa anga, ambayo hufanywa kwa programu nyingine na kwa kompyuta kubwa kuliko ya mkononi. Kama chanzo unachokichunguza kiko katikati na pete hazikifikii, kata pembe ya picha na uendelee na kazi yako.